Kura Moja ya Mtaa wa Jules

Mama Orpha Nabintu alisuka nywele pembeni mwa Jules Street, pale Malvern, Johannesburg, mbele ya duka la magodoro, kwa miaka kumi na mmoja kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba ni mtu muhimu. Mimi natengeneza simu hatua nne kutoka kilipo kiti chake, na nakiri kwamba sikugundua. Nilimjua kama mama wa makamo kutoka Uvira, mjane, mwenye mikono myepesi na mdomo mzito. Ukimwuliza jambo, alimaliza kwanza msuko alioushika, akaufunga, ndipo akakujibu. Wateja wengine walidhani ni dharau wakahamia kwa wasusi wa mbele.

Haikuwa dharau. Aliingia nchi hii mwaka 1997, na tangu siku hiyo kazi yake ya pili ilikuwa kujibu maswali. Kila baada ya miezi michache alipanga foleni kuongeza muda wa karatasi yake ya ukimbizi, na kila mara aliulizwa upya yale yale: ulizaliwa wapi, baba yako nani, ulivuka mpaka siku gani, nani alikuona. Mara moja tu alijibu haraka. Alitaja Jumanne badala ya Jumatano, na kwa Jumanne hiyo faili lake lilirudishwa mwanzo na yeye akasota mwaka mzima. Baada ya hapo akajifunza kuliangalia kila neno kabla ya kulitoa.

Mwaka 2015 mwishoni akapata uraia. Aliniletea kile kitabu cha kijani cha kitambulisho mezani kwangu, akakiweka katikati ya simu zilizofunguliwa matumbo, akaniambia:

"Salum, mwaka unaokuya nitachagua. Miye mwenyewe."

Akanisimulia kwamba aliwahi kupiga kura mara moja maishani, kwao Uvira, akiwa binti. Askari alisimama kando ya meza akiangalia mkono wake unaenda kwenye kadi ipi. Mkono ulienda ulikotakiwa. Alikuwa akingoja mara ya pili tangu siku hiyo, na hakuwa na jambo jingine alilolitaka hivyo. Nilimpongeza, nikarudi kwenye kioo cha simu nilichokuwa nakibandika. Laiti ningemwambia akifiche kile kitabu.

Mwaka uliofuata, uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, alikuja kwetu dada mmoja anaitwa Boitshepo, mratibu wa Chama cha Wakazi, ofisi yao iko Randburg. Huko Randburg walikuwa wamekaa na ramani ya Johannesburg wakaigawa kwa jamii: Wasomali wa Mayfair, Wareno wa kusini, Wachina wa Cyrildene, na "Waswahili wa Malvern." Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujua kwamba sisi ni kabila moja. Mimi ni mtu wa Tanga, Ruphin ni wa Bukavu, Astère fundi cherehani ni wa Ngozi kule Burundi, na kuna Wakenya wawili wanaouza mikanda ambao hata wao kwa wao hawasalimiani. Lakini fomu ya Boitshepo ilisema jamii ya Waswahili, wanachama sitini, picha ya pamoja, tawi lizinduliwe kabla ya Pasaka. Ikabidi tuwe jamii.

Sasa, ukimwacha Mkongomani na wenzake wanne kwa dakika kumi, ukirudi utakuta kuna rais, makamu wa rais, mshauri, na mtu wa protokoli ambaye anakuuliza umealikwa na nani. Boitshepo aliingia kwenye gari kuchukua fulana, na aliporudi kamati ilikuwa imekamilika, viti tisa. Ruphin, ambaye ni mlinzi katika maduka makubwa huko Randburg na ana sauti ya mtu aliyekatazwa kupiga kelele kazini, alikuwa rais. Astère akawa makamu ili Warundi wasinune. Mimi nikafanywa katibu, kwa sababu Wakongomani walitaka muhtasari uandikwe Kifaransa, Wakenya wakataka Kiingereza, na wote walikubaliana kwamba Kiswahili changu ni cha vitabuni na hakiumizi mtu. Mwangalizi wa hesabu naye alichaguliwa, ingawa hatukuwa na senti.

Watu walijiandikisha. Wengine kwa ajili ya fulana, ambazo zilikuwa za zambarau na zote za saizi ya mtu mnene sana. Wengi walijiandikisha kwa sababu Boitshepo aliahidi kwamba chama kikishinda kata, sisi wa kando ya barabara tutajengewa paa. Tunanyeshewa kila kiangazi, maana huku mvua huja wakati wa joto, na askari wa jiji wanatufukuza pamoja na mvua, kwa hiyo neno paa lilituingia mpaka kwenye mifupa.

Kwenye mkutano wa tatu, Boitshepo aliomba kila aliye na kitambulisho anyanyue juu. Ukumbi mzima ulinyanyua. Walinyanyua karatasi za ukimbizi, karatasi za kuomba ukimbizi, pasipoti, leseni za udereva, na mzee mmoja alinyanyua kadi ya kwaya yenye picha yake. Boitshepo akapita katikati ya viti akitazama, rangi ikimbadilika.

"Kitabu cha kijani," alisema kwa Kiingereza. "Au ile kadi mpya. Cha uraia. Cha kupigia kura."

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Kule nyuma, Mama Orpha aliweka chini birika la chai alilokuwa akimiminia watu, akajifuta, akanyanyua mkono.

"Eish," akasema Boitshepo.

Nilidhani basi, tumekwisha. Sikuijua siasa. Fomu ya Randburg ilikuwa na safu ya jina, ya simu, ya saizi ya fulana. Safu ya kama mtu anaweza kupiga kura haikuwamo. Tukapigwa picha, wanachama sitini na watano, na tawi la Malvern likazinduliwa kwa sala na vifijo. Sitini na wanne kati yetu hatukuwa na kura.

Kama mambo yangeishia hapo, Mama Orpha angekwenda zake kupiga kura kwa amani. Lakini Astère alikwenda kumpima suti mteja wake mmoja, na mteja huyo akawa mtu wa chama kingine, Harakati ya Kazi, ambacho nacho kilikuwa kinatafuta Waswahili. Huyo hakuahidi paa. Aliahidi choo. Choo cha umma, cha matofali, pale kwenye kona karibu na robot, yaani taa za barabarani. Na mtu yeyote aliyewahi kukaa Jules Street kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni akimwomba Mhindi wa duka la rangi amruhusu aingie nyuma, huyo anajua choo ni nini.

Tawi likapasuka. Kukawa na watu wa paa na watu wa choo. Ndugu walinuniana. Katika kanisa moja mchungaji alihubiri juu ya makao yaliyoandaliwa, na Warundi wakatoka nje wakisema ni kampeni. Pande zote mbili zilijua kwamba kura ni ile ile moja, kwa hiyo pande zote mbili zikahamia kwenye kiti cha Mama Orpha. Asubuhi Ruphin alimletea mandazi na kumweleza habari za mvua. Mchana Astère alimletea chai na kumwuliza kwa upole amekunywa vikombe vingapi tangu asubuhi. Yeye alisuka. Alipofika mwisho wa msuko alisema, "Aksanti," na kuanza mwingine.

Nilikuwa nacheka. Siku moja nilimwona akifuta macho kwa nyuma ya mkono, mkononi bado ameshika nywele za mtu, nikaacha.

"Bananitafuta miye, ao banatafuta kile kitabu?" aliniuliza.

Nikasema yatapita.

Kamati iliona njia ya kumaliza ugomvi ni uchaguzi. Tutapiga kura sisi kwa sisi, kuamua kura ya Mama Orpha iende wapi. Jumapili ya mwisho ya Julai, baada ya ibada zote, tulikutana kwenye gereji ya fundi makochi. Boksi la kura lilikuwa ndoo ya rangi iliyotobolewa mfuniko. Wakenya wawili walifanywa waangalizi, kwa kuwa walisema wao wamezoea chaguzi zenye matata, na kwa mara ya kwanza wakasimama pamoja. Foleni ilikwenda mpaka nje. Kila aliyepiga alichovywa kidole kwenye dawa ya viatu.

Mama Orpha naye alipanga foleni. Alipofika mbele, Théodore, mtu wa protokoli, akamzuia kwa adabu.

"Maman, weye hapana."

"Juu ya nini?"

Théodore akamtazama Ruphin. Ruphin akasimama, akavuta suruali, akatoa sheria ambayo mpaka leo imo kwenye muhtasari kwa mwandiko wangu:

"Ba frères na ba sœurs, Maman Orpha ndiye kura yenyewe. Kura haipigi kura."

Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi, kwa vile ilikuwa na mantiki, na sasa nikikumbuka nataka kujipiga makofi hayo usoni. Mama Orpha alitoka kwenye foleni, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akaangalia watu sitini na wanne wakimwamulia.

Paa lilipata thelathini na tatu, choo thelathini na moja. Tulihesabu mara tatu. Astère alimpa Ruphin mkono mbele ya watu, akilia kidogo. Ruphin akamgeukia Mama Orpha na kumwuliza kama ameyapokea matokeo.

"Nimesikia," alisema.

Mimi nikaandika: amekubali.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa za mazoezi. Théodore alichora karatasi ya kura kwenye boksi la magodoro, akamfundisha jinsi ya kushika kalamu, jinsi ya kuweka alama bila kugusa mstari, jinsi ya kukunja. Mama wa miaka hamsini na mbili, anayegawanya nywele za mtoto kwa mistari iliyonyooka kuliko barabara za jiji hili, alifundishwa kuchora msalaba. Aliuchora mara thelathini. Ruphin alimpima kwa saa ya simu: sekunde nne.

Jumatano, tarehe tatu Agosti, kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Tulimsindikiza sote, tunaimba, tukapita mbele ya maduka yaliyofungwa, mpaka shule ya msingi iliyokuwa kituo. Getini polisi wa kike alitutazama tulivyo wengi, akauliza nani anapiga kura.

"Huyu," alisema Ruphin.

"Na ninyi wengine?"

"Sisi ni msafara."

Akatuambia fulana za chama haziruhusiwi pale. Tukazivua kwenye baridi ile, tukazigeuza ndani nje, tukazivaa tena. Bado hakuturuhusu. Mama Orpha akaingia peke yake, amebana kitabu cha kijani kifuani kwa mikono miwili, nasi tukajipanga kwenye uzio tunashika nyaya.

Dakika tano zikapita, foleni ilikuwa fupi. Tulimwona mlangoni akipakwa wino kwenye kidole gumba, kisha hatukumwona. Zikawa dakika kumi. Ishirini. Watu walioingia nyuma yake walitoka. Ruphin aliangalia saa yake akarudia, "Sekunde nne, sekunde nne," mpaka Astère akamwomba anyamaze. Mtu mmoja alisema labda amezimia. Mwingine akasema labda wamemkamata kwa kosa la sisi wengine.

Ndipo akatoka. Macho yalikuwa mekundu. Alipita getini akiwa mtulivu tu.

"Maman, umepiga?" Ruphin alimwuliza.

"Nimepiga paa. Vile mulisema."

Shangwe iliyolipuka hapo iliwatoa watu kwenye magorofa. Akina mama walipiga vigelegele. Théodore alimkumbatia polisi. Mama Orpha alisubiri tupungue kelele, jinsi alivyosubiri msuko uishe, kisha akasema:

"Na ile ingine nimepiga vilevile."

"Ingine gani?"

"Balinipa karatasi mbili."

Hakuna aliyetuambia. Moja ilikuwa ya diwani wa kata, ya pili ya chama cha kuongoza jiji zima, na mwenye nchi yeyote anajua hivyo kama anavyojua jina lake. Nilimpigia simu Boitshepo palepale na akathibitisha. Kwa nini hakutuambia? Alidhani tunajua. Nilimwuliza sasa ya pili ni ya nani. Akasema ni ya Mama Orpha, ni siri, na mtu yeyote asithubutu kumwuliza. Nilipowatafsiria wenzangu, walikubaliana kwamba huyu dada anaficha jambo.

"Ile ya kwanza niliwapa ninyi," Mama Orpha alisema. "Ya pili ilikuwa yangu." Akainua kitambaa chake begani, akaenda zake nyumbani kupika, maana ilikuwa sikukuu.

Kikao cha dharura kilifanyika pale pale kando ya uzio. Astère alisimama kama mtu aliyefufuka: karatasi zikiwa mbili, ya pili ni haki ya mshindi wa pili, kwa hiyo ni ya choo! Ruphin akasema uamuzi wa tawi ulihusu mkono wa Maman Orpha, na mkono ni mmoja hata ungeandika karatasi kumi. Mkenya mmoja alitaka uchaguzi urudiwe. Hakuna aliyesema kwamba imekwisha kupigwa na imo ndani ya sanduku lenye lakiri. Kama aliyesema ni mimi, basi nilisema kwa sauti ndogo.

Kesho yake matokeo ya kituo yalibandikwa mlangoni, na nikatumwa niyanakili. Niliyaleta kwa kamati yote, kila chama na namba yake. Paa lilishindwa kata, tena vibaya. Choo nacho kilishindwa. Hilo halikumshughulisha mtu. Walikwenda moja kwa moja kwenye orodha ya karatasi ya pili, kidole kikashuka, kikasimama. Chini kabisa kulikuwa na Chama cha Wafuga Nyuki na Bustani. Kura moja.

"Nyuki," alisema Ruphin.

Lile neno lilizunguka meza. Moja tu, na Mama Orpha ni mmoja. Hesabu ilikubali. Watu waliumia kweli, naapa. Paa wanalielewa, choo wanakielewa, lakini nyuki walimwahidi nini? Astère alikumbuka kwamba Mama Orpha anatia asali kwenye chai. Mshauri alisema tumelea usaliti. Likapitishwa azimio, kura nane kwa moja, kwamba katibu aende kwake, amwulize rasmi karatasi ya pili alimpa nani, na asipojibu afukuzwe uanachama. Yaani tawi limfukuze mpiga kura wake wa pekee. Hiyo kura moja ya kupinga ilikuwa yangu, na bado ni mimi niliyetumwa.

Nilimkuta Ijumaa asubuhi kwenye kiti chake, anamsuka binti mmoja wa Kizulu aliyekuwa amesinzia. Nikasimama na barua. Nikaisoma yote, na vyeo vyote, na tarehe. Akamaliza msuko, akaufunga, akachukua mwingine. Nikadhani hatajibu kabisa.

"Salum," alisema, bila kuniangalia, "unajua nimeulizwa maulizo ngapi mu hii inchi?"

"Mengi, mama."

"Nilizaliwa wapi. Baba yangu ni nani. Bwana yangu alikufa namna gani, na nani aliona. Miaka kumi na tisa najibu. Kila jibu mutu ananiangalia mudomo, anaandika, anapiga tampon, ile muhuri, ananiambia rudi mwezi wa tatu." Alivuta nywele, akagawa. "Ile siku, mule ndani ya kibanda, karatasi ya kwanza ilikuwa ya kwenu, nikaimaliza mbio, vile Théodore alinifundisha. Ya pili ikaniuliza miye. Nikageuka kuangalia nani anangojea jibu. Hakukuwa mutu. Nikangoja, labda atakuya. Hakuna aliyekuya. Njo nikalia. Nikaandika, nikakunja, nikatumbukiza, na hakuna mutu aliniambia nirudi."

Binti wa Kizulu alijigeuza usingizini. Mama Orpha alimweka kichwa sawa kwa kiganja.

Nilipaswa kuondoka hapo. Lakini mimi nami ni mtu, na nilikuwa nimekosa usingizi usiku kucha nikiwaza nyuki. Nikainama, nikamnong'oneza:

"Mama, mimi si kamati. Niambie mimi tu. Ni nyuki?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akatabasamu taratibu, tabasamu la msichana, ambalo sikuwahi kuliona kwake kwa miaka kumi na mmoja. Kisha akarudi kwenye nywele.

Jioni kamati ilikuwa imekaa, wote wanane na kiti changu. Ruphin aliniuliza, "Secrétaire, alijibu nini?"

Nikasema sikumwuliza. Nilimkuta na mteja, nikapitiwa. Walinigombeza mpaka mate yakaruka, Théodore akaniita mzembe, na Astère akasikitika juu ya Watanzania kwa jumla. Ruphin akaamuru iandikwe kwamba swali halikuulizwa, kwa hiyo hakuna wa kufukuzwa. Nikauandika uongo huo kwa Kiswahili changu cha vitabuni, mstari ulionyooka, nikatia saini.